Magunzi Mawili Nyuma ya Injini

Asubuhi ile ya Alhamisi baba alivaa makoti mawili na kofia ya sufu ambayo mama alimfumia, kisha akajifunika magoti kwa shuka iliyokunjwa mara mbili. Mimi nilikuwa nimevaa soksi zake mikononi, kwa sababu usukani ulikuwa unauma kwa baridi. Tulikuwa tunatoka Tumati kushuka Katesh, kwenye kliniki yake ya kifua. Ukungu wa mwezi wa sita ulikuwa umeilalia barabara, nikawa naiona hatua chache tu mbele ya boneti, zaidi ya hapo naikisia.

Kioo kilikuwa kinajaa ukungu kwa ndani pia, na kukifuta ilikuwa kazi ya baba. Kila baada ya muda mfupi aliinuka kidogo kwenye kiti, akanyoosha mkono wenye skafu, akanifutia duara mbele ya macho yangu, halafu akajifutia la kwake. Duara langu lilikuwa pana kama sinia. La kwake lilikuwa kama kisahani, la kuchungulia tu.

Nilizungusha swichi ya hita mpaka mwisho wa alama nyekundu, nikawasha feni. Ilivuma kwa nguvu, ikatikisa karatasi zilizokuwa juu ya dashibodi. Kilichotoka kilikuwa baridi kuliko hewa tuliyokuwa nayo.

"Hiyo haifanyi kazi," baba alisema.

"Mbona inavuma?"

"Kuvuma inavuma."

Nikaizima. Tukaendelea na skafu.

Kwenye gari baba alikuwa anaongea, jambo ambalo nyumbani hakulifanya. Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam mwezi wa tatu, kukaa naye na kumalizia riwaya niliyokuwa nimeikokota muda mrefu, na kwa miezi hiyo tulikuwa tumeishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba, mama, umelalaje?" Nikamuuliza kama amekunywa dawa, akasema amekunywa. Nikaingia chumbani kwangu na kompyuta, yeye akabaki barazani na redio yake. Jioni tulikula. Sauti kubwa kuliko zote ndani ya nyumba ilikuwa ya kijiko kikigonga bakuli.

Garini alikuwa mtu mwingine. Nadhani baridi ilimlazimisha kuchezesha mdomo. Kila kona ilikuwa na habari yake: hapa palikuwa na duka la mtu aliyekuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu, pale lori la vitunguu saumu lilipinduka na kijiji kizima kikanuka mboga kwa wiki. Na kila tulipofika Mogitu, kwenye kalavati moja chini ya mlima Hanang, alisimulia habari ya mtamba.

Walikuwa wameoana karibuni, yeye na mama. Rafiki yake mmoja, mfugaji wa huko tambarare, alikuwa amempa mtamba, wakashuka wote wawili kwa miguu kwenda kumchukua. Wakati wa kurudi, walipofika penye kalavati, mtamba akalala chini akagoma. Baba akakata fimbo. Mama akamnyang'anya, akakaa chini kando ya mtamba, pale pale barabarani, akasema, "Tutaondoka watatu au hatuondoki." Baba akasimama kama askari mpaka jua likashuka. Mtamba alipojisikia akainuka mwenyewe, mweupe mzima, sikio moja tu jeusi.

"Na huyo ndiye aliyekusomesha," baba alimalizia kila mara, "yeye na watoto wake." Halafu akafuta kioo.

Hiyo Alhamisi hakuimaliza. Alifika kwenye fimbo, kifua kikambana. Nilisimamisha gari kandokando, akavuta pampu yake mara mbili akiwa ameinamia magoti. Mabega yalipanda na kushuka chini ya yale makoti mawili. Feni ilikuwa imezimwa, lakini hewa ya baridi bado ilipenya kupitia matundu ya dashibodi na kumpiga usoni. Nikayaziba kwa soksi zangu, yaani zake.

Kliniki walimpima, wakamwongezea dawa za wiki mbili, wakasisitiza asikose tarehe ijayo. Tulirudi mchana, jua limetoka. Aliposhuka alishika mlango wa gari, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Alhamisi ile nyingine sitaenda."

"Baba, dawa zitaisha."

"Nikienda nabanwa njiani. Nikifika daktari ananitibu kubanwa kwa njiani. Nikirudi nabanwa tena. Sasa mimi naumwa ugonjwa au naumwa safari? Baridi ikiisha nitaenda."

"Baridi inaisha mwezi wa nane."

"Basi mwezi wa nane."

Alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka thelathini na kitu, na hoja zake zilikuwa na tabia ya kufunga mlango zikitoka. Basi la asubuhi lilikuwa na madirisha yasiyofungika. Nilisimama uani nikilitazama lile gari, dogo, la kijivu, vumbi mpaka kwenye nyusi za taa, na nikajua kwamba nina wiki mbili za kulifanya lipulize joto.

*

Mtandao kwetu unapatikana mahali pamoja, kwenye kona ya shamba la vitunguu saumu, ukisimama juu ya jiwe na kuelekeza uso Dongobesh. Ijumaa nilisimama pale na simu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimezoea kusimama pale kungojea ujumbe wa marafiki zangu wa mjini, ambao mwanzoni walikuwa wananiandikia kila siku, kisha kila wiki, kisha wakawa wanabonyeza tu alama ya moyo kwenye picha nilizotuma. Sasa nilikuwa nasoma watu nisiowajua, wa nchi za theluji, wenye hita zinazopuliza baridi.

Walikuwa wengi ajabu. Waliandika usiku wa manane, kwa huzuni iliyojificha katika maneno ya spana na mipira. Mmoja alikuwa na mtoto mchanga na safari ndefu ya kwenda kwa mama mkwe. Mwingine aliuliza swali lake vizuri, akaeleza kila alichojaribu, na hakuna aliyemjibu. Miaka mitano baadaye mtu mmoja akaja kumuuliza kama alifanikiwa, na huyo naye hakujibiwa. Mwingine alimaliza kwa kuandika kwamba ameshapata dawa, ahsanteni wote, bila kusema dawa yenyewe ni nini. Huyo nilimchukia kwa siku nzima.

Nilichoelewa ni hiki. Hita haina moto wake yenyewe. Maji yanayopoza injini yanachukua joto, na sehemu ya maji hayo inapitishwa ndani, nyuma ya dashibodi, kwenye rejeta ndogo kama kitabu. Feni inapuliza juu ya hiyo rejeta ndogo, na joto linakuja kwako. Kwa hiyo, walisema wale watu wa theluji, kama hewa ni baridi, anza na maji.

Jumamosi asubuhi nikafungua boneti. Baba alikuwa barazani na redio.

"Unatafuta nini?"

"Maji."

"Yapo kwenye pipa."

"Ya rejeta, baba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akazima redio. Nilisikia kile kimya na nikageuka, kwa sababu redio ile ilikuwa haizimwi mpaka taarifa ya habari iishe. Alikuwa anashuka ngazi za baraza, kiti kimoja mkononi. Akakiweka kando ya gudurumu la mbele, upande wa jua.

Maji yalikuwa yamepungua kweli. Nikaongeza, nikaliwasha gari, nikangoja. Baridi. Nikakumbuka kwamba hewa ikinaswa ndani maji hayazunguki, na kwamba dawa ni kulipandisha gari pua juu na kuliacha lingurume bila kifuniko cha rejeta. Nikalirudisha nyuma mpaka kwenye mteremko wa njia ya zizini, pua ikatazama angani kama mbwa anayeomboleza. Kuku walikimbia. Viputo vilitoka, vichache.

"Linajamba," baba alisema.

"Linatoa upepo."

"Ndicho nilichosema."

Bado baridi. Lakini jambo moja niliona siku hiyo: mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa hauinuki. Injini ilinguruma nusu saa, na mshale ulikuwa umelala chini kama mtu mwenye homa. Nikapanda jiweni. Watu wa theluji wakasema ni themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kupozwa mpaka yapate moto kwanza. Kikikwama wazi, injini haipati joto, wala wewe.

Nilimweleza baba. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, namna alivyokuwa akimsikiliza mwanafunzi anayekaribia jibu.

"Hakipo," akasema.

"Nini hakipo?"

"Hicho kidude. Mafundi wa huku wanakitoa siku ya kwanza gari likifika. Wanasema kinachemsha injini. Kila gari unaloliona hapa limetolewa."

"Na wewe ukakubali?"

"Mimi ni mtu wa chaki, fundi ni mtu wa spana. Ningebisha nini?" Akasimama polepole. "Ngoja."

Akaingia stoo akatoka na kadibodi la boksi la sabuni, na kisu. Akaniambia nilikate upana wa rejeta, nilisimamishe mbele yake, lizuie upepo. Ndivyo madereva wa malori ya ngano walivyokuwa wanafanya zamani wakipanda huku juu, alisema. Tuliupima upana kwa shubiri zake, kwa kuwa za kwangu aliona ni ndogo mno. Jumapili baada ya ibada tukaenda na kadibodi letu mpaka njia panda na kurudi, na mshale ukainuka. Uliinuka mpaka katikati, tukautazama sote wawili kama watu wanaotazama mwezi ukiandama. Nikawasha hita.

Baridi ile ile.

"Tumekaribia," baba alisema, na sauti yake haikuwa na masikitiko niliyoyategemea.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za namna hiyo. Riwaya ilikaa imefunikwa. Nililala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, nikitafuta waya unaovutwa na ile swichi ya moto na baridi. Baba alikuwa ananimulikia tochi na kuniuliza naona nini. Nikamwambia naona vumbi, karanga moja, na pini ya nywele. Alininyang'anya ile pini. Ilikuwa ya mama, ya rangi ya kahawia, na ilikaa mfukoni mwa koti lake tangu hapo.

Waya ulikuwa mzima. Kila nilipozungusha swichi nilisikia kibao kikifunguka na kufunga ndani, tak, tak. Nilibadilisha fyuzi ambayo haikuwa na kosa. Niliuliza mambo mengi, na baba akajibu mengi kuliko niliyouliza. Nikamuuliza bisibisi ndogo iko wapi, nikapata habari ya jinsi mama alivyoitumia kutoa mwiba kwenye kwato. Nikamuuliza gari lilinunuliwa mwaka gani, nikapata habari ya sherehe yake ya kustaafu, mbuzi, hotuba, na mvua iliyoingia kwenye spika. Tulikula mchana uani, kwenye boneti iliyofungwa, maana ilikuwa na joto. Kitu pekee kwenye lile gari kilichokuwa na joto.

Nikisimama jiweni jioni sikuwa nangojea tena ujumbe wa mtu.

Jumatatu ya wiki ya pili niliishiwa. Ushauri wa mwisho wa watu wa theluji ulikuwa kwamba nishike mipira miwili inayoingia ndani kupitia ukuta wa injini: ikiwa mmoja una moto na mwingine baridi, rejeta ndogo imeziba. Nilipeleka mkono nyuma ya injini kadiri ulivyofika. Kule nyuma ni kubaya, pamebanwa, huoni kitu, unapapasa. Niligusa mpira mmoja uliopinda kama upinde wa mvua, ukaniunguza. Wa pili sikuupata. Badala yake niligusa kitu kikavu, chenye nundu nundu, kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Nikadhani ni sehemu ya gari.

"Nitakwenda Katesh kesho kwa fundi," nikasema.

Baba alikuwa anafuta tochi kwa skafu yake, ingawa haikuwa na uchafu.

"Siku mbili bado zimebaki," alisema. "Tungeangalia tena kesho."

"Tumemaliza kila kitu, baba."

"Haya," akasema. "Msalimie."

*

Fundi wa Katesh ana uwanja mdogo pembeni ya barabara ya Singida, wenye mafuta mpaka kwenye mizizi ya majani. Ni mtu wa umri wa wajomba zangu, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo, na akaitikia akiwa bado chini ya lori, nikaona viatu tu. Alipotoka alilitambua gari kabla ya kunitambua mimi.

"La mwalimu hili. Mwalimu mzima?"

"Mzima, anakusalimia. Hita inapuliza baridi."

"Hita." Aliwatupia macho wenzake wawili waliokuwa wamekaa kwenye tairi. "Jamani, kuna mtu anataka hita. Dada, hapa watu wananiletea eisii, wanataka baridi. Nyie wa huko juu si mmezaliwa kwenye friji? Mnataka joto la nini leo?"

"Ni la baba. Kifua."

Akaacha kucheka mara moja, akafungua boneti. Akaweka mkono pale pale nilipouweka mimi, na tofauti na mimi alijua anachotafuta. Alifungua klempu mbili, akausogeza kando ule mpira uliopinda, akaniita niinamie.

"Unaona? Maji yanatoka kwenye injini, yanapinda hapa, yanarudi kwenye injini. Ndani hayaingii. Hita hii nilishaikata mimi mwenyewe."

"Uliikata?"

"Tunakata zote. Rejeta ya ndani ikianza kuvuja, maji yanaisha, injini inaungua. Nani huku anaenda kununua rejeta ya hita? Unakata, unaunganisha, mtu anaenda zake." Akatazama juu, akikumbuka. "Hii ilivujia miguu ya mama yako. Siku hiyo walikuwa wanatoka mnadani. Maji ya kijani, ya moto, tii, juu ya viatu. Mwalimu alikuja hapa amepaniki, mama yako anacheka. Alivua viatu akavianika hapo juu ya boneti, akakaa pekupeku kwenye lile tairi anatuambia tufanye haraka, ng'ombe wanangoja kukamuliwa."

Mmoja wa wale wawili alikuwa amekalia tairi lenyewe. Akajisogeza kidogo, bila sababu, kama anayempisha mtu.

Sikuwa naijua hiyo habari. Habari zote zile za kona na kalavati na sherehe ya kustaafu, na hiyo hakunisimulia.

"Na hivi?" fundi aliuliza, mwenyewe sasa akishangaa. "Hivi sikuweka mimi."

Kwenye ukuta wa injini, pale mipira ya hita ilipotakiwa kuingia, kulikuwa na midomo miwili ya bomba. Ndani ya kila mdomo lilikuwa limekomewa gunzi la hindi, lililokatwa vizuri, na kufungwa kwa kamba ya tyubu ya baiskeli. Fundi aliyachomoa akaniwekea kiganjani. Niliitazama ile kamba. Ilizungushwa mara tatu, ncha ikapitishwa chini, ikavutwa kushoto. Mpini wa jembe la nyumbani umefungwa hivyo. Mdomo wa galoni la mafuta ya taa umefungwa hivyo, na mguu wa kiti alichokuwa anakalia baba kando ya gudurumu kila siku akinitazama.

Fundi alifanya kazi mpaka saa tisa. Akaitoa rejeta ndogo, akaipeleka kwa jirani yake anayechomelea, akaijaza maji na kuitikisa sikioni. Themostati akaipata kwenye gari bovu lililokuwa nyuma ya uwanja, akaichemsha kwenye sufuria ya chai yao ili nione inavyofunguka. Alipomaliza aliniambia nikae ndani, nifunge vioo. Hewa ilianza kuwa vuguvugu, ikanuka vumbi lililoungua, halafu ikawa joto kabisa, joto la jikoni. Nilikaa nikiwa nimeshika magunzi mapajani. Fundi aligonga kioo kuuliza vipi, nikainua dole gumba.

*

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika. Nikayaweka magunzi mezani, mbele ya baba. Akazima redio.

"Umeyatoa," alisema.

"Ulijua, baba."

"Panya wangeingia. Wanapenda sana kuzaliana humo."

"Ulijua tangu siku ile njiani."

Alichukua gunzi moja akaanza kulifungua kamba, taratibu, akiizungusha kidoleni ili itumike tena.

"Nilitaka kukuambia Jumamosi. Nikaona umeshafungua boneti." Akaimaliza kamba ya kwanza, akachukua la pili. "Nikasema nitakuambia Jumapili, tukawa na lile kadibodi. Jumatatu ukaomba nikumulikie."

"Na kliniki?"

"Kliniki sikukudanganya. Kwa baridi ile nisingeenda."

Nilikuwa na hasira na sikuona pa kuiweka. Niliwaza kumwambia kwamba nimelala chali chini ya dashibodi siku tano. Yeye akasema, bila kunitazama:

"Ulikuwa unatoka nje. Unaniuliza vitu."

Nilijaribu kukumbuka nilikuwa nimemuuliza nini miezi mitatu kabla ya hapo. Nilikumbuka swali moja tu, la dawa. Nikachukua kiti nikakaa karibu naye, kuni zikilia jikoni. Nilipotaka kumuuliza habari ya viatu vya mama nikaona ameinamisha kichwa, anatafuta kwa ncha ya kidole mahali kamba inapoanzia, na nikaona niiache mpaka Alhamisi. Njiani angeisimulia vizuri zaidi.

*

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito kuliko ule wa kwanza. Nililiwasha gari mapema, likapata moto, ndipo nikamwita. Aliingia na makoti yake mawili, kofia, shuka, akafunga mlango. Akaondoa kofia. Baada ya kilomita chache akavua koti la juu.

"Ee," alisema. "Kama ndani ya mkate."

Akanyoosha mkono wenye skafu kufuta kioo. Kioo kilikuwa safi. Hewa ya moto ilikuwa imekikausha pembe hadi pembe, barabara yote ikaonekana, mpaka pale ukungu wenyewe ulipoanzia. Mkono ulikaa hewani kidogo, ukarudi mapajani.

Nilingoja. Tulipita palipokuwa na duka, na pale lori lilipopinduka. Nikasema, "Baba, fundi aliniambia habari ya viatu vya mama." Nikamtazama. Alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo, kichwa kimeegemea mkanda, pumzi inaingia na kutoka bila kukwaruza popote. Sikuwa nimesikia kifua chake kikiwa kimya hivyo tangu nirudi.

Nilipunguza mwendo kwenye mashimo. Feni ilivuma. Mara mbili niliigusa swichi, nikafikiria kuirudisha kidogo tu upande wa buluu, aamke, aone baridi, aongee. Niliuondoa mkono mara zote mbili.

Mogitu, ukungu ulikuwa umefunika mlima wote, imebaki miguu. Kalavati likaja. Nikaanza kuisimulia mwenyewe, kwa sauti ya chini: walikuwa wameoana karibuni, wakashuka kwa miguu, mtamba akalala chini akagoma. Nilisema fimbo, nilisema tutaondoka watatu au hatuondoki. Nilipofika mwisho nikasema mtamba alikuwa mwekundu. Nilisema kwa makusudi, mara mbili, mwekundu mzima, nikangoja anisahihishe. Kalavati likapita, likabaki nyuma kwenye kioo cha pembeni.

Aliamka nilipozima injini mbele ya kliniki. Akatazama huku na huku, akapapasa kofia yake.

"Tumefika?"

"Tumefika."

"Mara hii? Ulikuwa unaongea na nani?"

"Redio."

"Redio ya gari hili ilikufa kabla ya mama yako."

"Najua, baba."

Akavaa koti lake la juu, akafunga vifungo vyote. Kabla ya kufungua mlango alinyoosha mkono akapitisha skafu juu ya kioo, mbele yangu, duara pana kama sinia, kisha akajifutia la kwake.